"Wageni wameanguka": jinsi neno "they" lilivyonikimbiza kutoka Bigwa hadi sokoni Morogoro

Wakuu, habari za mahangaiko. Wa bara na visiwani, mlioko kazini mkijifanya mnafanya kazi na mlioko nyumbani, nawasalimu wote.

Haya yalinipata mwenyewe. Chumvi sijaongeza, na palipo na aibu yangu sijaparuka. Majina ya wageni nimebadilisha kwa sababu ni watu wa heshima na huenda wana wajukuu wanaosoma humu kwa kutumia mashine za kutafsiri.

Juzi kuna mdau alileta uzi wa kuwacheka Watanzania wanaosema "my mother he is sick". Watu walicheka mpaka wakaweka na picha. Na mimi nilicheka kidogo. Halafu nikaiweka simu chini, nikaikumbuka siku ile Bigwa, miaka mingi iliyopita.

Nikaona niandike.

Kwanza mnijue. Shule niliiacha darasa la tano kule Singida. Sikufukuzwa wala sikukosa ada, miguu tu ilikuwa inawasha. Nimefanya kazi mashamba ya mkonge, nimebeba mizigo stesheni za reli, nimeuza maji ya kunywa, nimelala nje ya misikiti na nje ya makanisa. Kila nilipofika nilikuwa nauliza maswali mpaka watu wanachoka na mimi, nahamia kwingine.

Morogoro nilifika enzi za ruksa. Wenye umri wangu wanakumbuka. Viwanda vya mjini vilikuwa vinayumba, watu wanapunguzwa kazini, huku maduka ya watu binafsi yanafunguliwa na mitumba inamwagwa chini kwenye maturubai. Mimi Kiingereza changu cha kwanza nilikisoma kwenye vifua vya watu, kwenye fulana za mitumba. Unakuta mzee wa makamo anaenda msibani na fulana imeandikwa "Little Princess". Nilikuwa namsimamisha mtu nimsome, wengine wakidhani nataka kuwaibia.

Miaka hiyo ndiyo yalizuka madarasa ya jioni ya Kiingereza. Kila uchochoro una kibao. Kila mtu aliamini ukijua Kiingereza hutapunguzwa kazini, na ukiwa umeshapunguzwa utapata kazi kwa mzungu.

Darasa langu lilikuwa nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli. Mwalimu wetu, nimwite Gaspari, alikuwa mfupi, msafi, na hakupenda mchezo. Ndiye aliyetufundisha kwamba nomino ya Kiingereza bila article ni kama mtu aliyetoka bafuni bila taulo.

"'A' ni yeyote," alikuwa anasema. "'The' ni yule. Yule tunayemjua mimi na wewe."

Mimi nikanyoosha mkono. "Mwalimu, kwa nini ni the sun na siyo a sun?"

"Kwa sababu ni moja na kila mtu analijua."

"Sasa Mungu ni mmoja na kila mtu anamjua. Mbona hana the?"

"Hamisi, kaa chini."

Nilikaa. Hadi leo swali hilo sijapata jibu, mwenye nalo alilete hapo chini.

Basi. Kiingereza kikaingia kidogo kidogo, kibovu lakini cha kusikika. Nikakutana na kijana mmoja wa Bigwa, Mluguru anayeitwa Kobelo. Kobelo alikuwa anapandisha wageni milimani. Njia zote anazijua, kila ndege anamjua kwa sauti, ila Kiingereza chake kilikuwa "yes" na "slowly". Tukaungana. Yeye miguu, mimi mdomo.

Wakaja wageni wetu. Walikuwa watatu wa familia moja. Mzee Arthur, mtu wa mvi, kazi yake mambo ya ndege (wa angani, siyo wa abiria). Mke wake, Mama Margaret. Na binti yao Judith, msichana wa miaka ishirini na kitu, mchangamfu, anayependa kuamkia kila mtu shikamoo hata watoto wa shule.

Walipanga nyumba Bigwa, pale ambapo mji unakwisha na mlima unaanza. Mama Margaret goti lilikuwa limevimba, hakuweza kupanda. Kwa hiyo Mzee Arthur na Judith walipanda na Kobelo na mpagazi mmoja, kwenda kutega nyavu za ndege na kulala huko. Mimi nikaachwa chini na mama, nimsaidie sokoni na kumtafsiria.

Kazi nyepesi kuliko zote nilizowahi kufanya. Hivyo ndivyo nilivyodhani.

Mvua ilinyesha tangu alfajiri. Siyo kubwa, ile ya Uluguru ya manyunyu isiyoisha, na ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Asubuhi hiyo mama alikuwa barazani anakunywa chai, mimi nachambua mchele.

Akaja bibi mmoja anashuka njia ya mlimani, peku, kajifunga kanga mbili, mkungu wa ndizi kichwani. Akasimama nje ya ua.

"Hodi hapa. Wewe ndiye mwenzake Kobelo?"

"Ndiye mimi, bibi. Shikamoo. Karibu."

"Marahaba. Sikai, nikiutua huu mkungu nani ataninyanyulia. Kobelo kanituma. Wageni wenu wameanguka kule kijitoni, penye mawe. Wameumia mguu vibaya, kukanyaga hawawezi. Tumewapeleka nyumbani kwa Mloka, jirani na hapo, wamelala. Machela iletwe."

Nikamuuliza kama kuna lingine. Akasema ujumbe ndio huo, na ndizi zinanyeshewa. Akaenda zake.

Wenye macho makali mmeshaona. Mimi sikuona kitu. Nilichosikia ni "wameanguka", na damu ikanikimbia.

Mama Margaret alikuwa ameshasimama. Uso wangu ulikuwa umeshamwambia nusu ya habari.

Nikamtafsiria. Nayaandika maneno yangu kama nilivyoyasema, mnicheke mkipenda:

"Mama, they fall. They fall in river. They break leg. They sleep in house of Mloka. They want stretcher."

Hilo neno stretcher nililijua kwa sababu Mwalimu Gaspari alikuwa na wanafunzi wauguzi.

Mama akauliza taratibu sana. "They? Both of them? Arthur and Judith?"

Wakuu, hapo ndipo palipokuwa na mlango wa kutokea. Ningesema ngoja nimkimbilie yule bibi, alikuwa bado anaonekana barabarani. Lakini nilikuwa mkalimani, na mkalimani niliyemjua mimi ni mtu mwenye jibu.

"Yes," nikasema. "They."

"A stretcher? Or two?"

Machela moja na machela mbili kwa Kiswahili zote ni machela. Nikapiga hesabu ya haraka: they ni watu wawili, watu wawili ni machela mbili.

"Two, mama."

Halafu akauliza lile lililomtoka kwa shida: "Sleep? What do you mean, they sleep?"

Nikasema, "They sleep, mama. They don't stand."

Akashika ukingo wa meza. Hakulia. Alichukua kitambaa cha meza akakikunja, akakikunjua, akakikunja tena kwa uangalifu kama anakiweka sandukuni. Halafu akaingia ndani na kutoka na viatu vya kupandia mlima, akakaa kuvivaa, na lile goti limevimba kama nazi.

Nikamwambia asubiri, naenda kuita watu. Nilikimbia hadi kwa Rajabu, shemeji yake Kobelo, nyumba chache kutoka pale. Rajabu alikuwa mtu wa maneno machache, na machache yenyewe makali.

"Wageni wameanguka wote wawili," nikamwambia. "Wamevunjika. Tunataka machela mbili."

Oneni kilichotokea. Bibi hakutamka "wawili" hata mara moja. Neno hilo lilizaliwa kwenye Kiingereza changu, likarudi kwenye Kiswahili limeshakuwa ukweli. Rajabu, Mluguru wa kuzaliwa, angesikia maneno ya bibi mwenyewe angejua palepale. Lakini mimi sikumpelekea maneno ya bibi. Nilimpelekea yangu.

Wanaume walipatikana sita tu. Wengine walikuwa mashambani, ni wakati wa kupanda.

Rajabu akawatazama, akanitazama mimi. "Machela mbili kwa watu sita, kwenye ule utelezi? Watatu watatu? Tutawamwaga bondeni hao wazungu wenu. Una hakika ni wawili?"

"Ndivyo ilivyosemwa."

"Nani kasema?"

"Bibi mmoja wa ndizi."

"Bibi gani?"

"Jina sikumuuliza."

"Kaambiwa na nani? Kawaona kwa macho? Wamevunjika mguu gani? Wamepoteza fahamu?"

Nikageuka kutazama barabara alikopotelea bibi.

"Mkalimani gani wewe, hata mtu aliyekuletea habari humjui," akasema. "Haya. Sisi tunakata miti na kutafuta mablanketi. Chukua baiskeli yangu, mfuate huyo bibi yako sokoni. Ukirudi tujue tunabeba nini. Ukichelewa tunaenda na mbili na Mungu anajua."

Nikarudi kwanza kumwambia mama naenda kuuliza. Alikuwa ameshasimama, ameshika ufito wa mhogo kama mkongojo. Alikuwa anatazama ule ukungu.

Baiskeli ya Rajabu haikuwa na breki. Kutoka Bigwa kwenda mjini nilishuka matope yananipiga usoni, na kichwani najiuliza kitu ambacho sijawahi kujiuliza tangu nizaliwe: kwani Kiswahili kinasemaje ukitaka kusema he? Kinasemaje ukitaka kusema she?

Hakisemi. Kiswahili kinakuruhusu usijue. Unaweza kupeleka habari ya mtu kutoka huku mpaka Kigoma, "ameanguka, amepelekwa hospitali, amepona", na ikafika salama bila mtu njiani kujua ni mume au mke. Kiingereza kinakuuliza hapo hapo mlangoni, kabla hujavua viatu. Mume au mke? Mmoja au wengi? Yeyote au yule? Na ukiwa hujui, hakikuruhusu kunyamaza. Inabidi uchague.

Mimi nilikuwa nimemchagulia mama wa watu.

Sokoni nikaitupa baiskeli kwa fundi viatu nikaingia upande wa ndizi. Waliopita soko la Morogoro asubuhi ya siku ya mvua wanajua. Akina mama kutoka mlimani wamekaa mstari kwa mstari, wote kanga zimelowa, wote ndizi mbele.

"Namtafuta bibi wa ndizi," nikamwambia wa kwanza.

"Mbona umeshafika," akasema. "Chane ngapi?"

"Siyo wewe, mama. Bibi mmoja aliyetoka juu."

"Hapa wote tumetoka juu."

"Mzee kidogo. Ana kanga mbili."

Wenzake wakaanza kunicheka. "Kaka huyu katafuta mke mpaka kachoka," mmoja akasema. "Mwambieni hata mimi nina kanga mbili."

Nilitaka kulia, wakuu, sioni aibu kusema. Na pale pale kwenye matope nikaelewa somo la Mwalimu Gaspari lililonishinda darasani. Mimi nilikuwa nataka the bibi. Wao wananipa a bibi. Soko zima limejaa a bibi, na yule mmoja mwenye neno langu amejificha ndani yao.

Nikazunguka. Namwinamia kila mtu usoni, natukanwa, naomba radhi. Tayari nawaza wale wanaume wameshaondoka na machela mbili, wanateleza, wanaangusha mtu.

Nilimkuta mwisho kabisa, karibu na wauza tangawizi. Mkungu ameshauza. Amekaa juu ya gunia anakunywa chai, kanga moja ameivua anaikamua.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba. Si umeshaniamkia leo wewe? Au ndizi umezitaka sasa, zimekwisha."

"Bibi, wale wageni walioanguka. Ni wangapi?"

"Wangapi nini?"

"Walioanguka. Mmoja au wawili?"

Akanitazama kama nimemuuliza jua linachomozea wapi. "Mmoja. Sikukwambia wameumia mguu? Wangekuwa wawili ningesema mguu?"

"Sasa mbona ulisema wameanguka?"

"Ulitaka nisemeje?"

"Ameanguka."

Akakiweka kikombe chini. "Mtu mzima na mvi zake, mimi nimtaje ameanguka? Kama mbuzi?"

Wauza tangawizi wakacheka. Mmoja akasema, "Bi Tatu, muache mtoto wa watu." Ndipo nikajua anaitwa Bi Tatu.

Hakuniacha. "Baba, wewe mtu wa wapi?"

"Singida, bibi."

"Huko Singida baba yako akirudi kutoka safari, unawaambiaje wenzako?"

"Nasema baba amerudi."

Akawageukia wenzake. "Mmesikia? Baba yake amerudi. Kama paka wa nyumbani."

Walicheka sana. Sijui kama ni Waluguru wote au ni wazee wa upande ule tu, ila Bi Tatu hakuwa mtu wa kumtaja mwenye mvi kwa umoja. Kwake mtu mzima ni wao. Kumbe yale maneno hayakuwa na fumbo hata kidogo. Yalikuwa yameshaniambia kwamba aliyeanguka ni mzee. Heshima ndiyo ilikuwa he ya Bi Tatu.

"Kwa hiyo ni yule mzee," nikasema.

"Ndio hao hao."

"Na binti yake? Yule msichana?"

"Wa nyavu? Nimempita huko juu alfajiri, kabla sijafika kijitoni. Mzima. Kaniamkia shikamoo kwa sauti kama ananiita ng'ambo ya mto. Hata hajui kama baba yake wameanguka. Yule mtoto, angeanguka yeye ningekwambia kaanguka, tukamaliza."

"Na mzee wana hali gani?" Mdomo wenyewe ukasema wana.

Bi Tatu akatabasamu. Ameshinda. "Mguu umevunjika, huu wa chini. Mloka ameufunga vijiti. Maumivu yaliwachosha, wakalala. Usingizi, siyo vingine. Niliwaacha wanakoroma."

Nikamshika mikono yote miwili. Sikumbuki kama niliaga.

Kurudi Bigwa ni mwinuko. Niliendesha, nikishindwa nasukuma, na njia nzima najisemesha kwa sauti: he, he, he. Mnajua wenyewe, Mswahili akiwa na hofu he inageuka she bila kumuaga. Niliogopa nikifika mbele ya mama ulimi uteleze, nimwambie she, nimvunje binti yake mguu kwa mara ya pili. Kwa hiyo he, he, he. Watu wa njiani walidhani nacheka. Mmoja akaniuliza, "Umepata nini ndugu, tucheke wote."

Nikawakuta mwanzo wa njia ya mlimani. Wanaume sita, machela mbili mabegani. Na Mama Margaret mbele yao, anapanda kwa ule ufito, hatua moja, anasimama, hatua nyingine. Rajabu alikuwa amejaribu kumzuia akashindwa, maana hata lugha ya kumzuilia hakuwa nayo.

Nikaiangusha baiskeli.

"Mama. Not they. He. One person. He only."

Akageuka. "He?"

"He. Arthur. He break one leg. He sleep good sleep, he make noise with nose. Judith is well. She is with the birds. She did not fall."

Nadhani ndizo sentensi nilizozipanga vizuri kuliko zote maishani, hata the niliiweka mahali pake.

Mama akafumba macho. "Oh, thank God," akasema. Ilimtoka kutoka tumboni, na ilimtoka kwa furaha.

Halafu akajifunika mdomo kwa mikono yote miwili. Ule ufito ukaanguka.

Alinitazama. Pale pote, kati ya watu wote wale, hakuna aliyesikia Kiingereza isipokuwa mimi. Yeye alijua, na mimi nilijua kwamba amejua.

Alipokuwa na they, maskini, alikuwa na maumivu yasiyo na upande. Wote wawili, sawasawa. Mimi ndiye niliyekuja na he. Nikamlazimisha apumue, na pumzi yenyewe ikatoka na jina la mmoja ndani yake: afadhali mume, siyo binti.

Rajabu akauliza, "Anasemaje?"

"Anasema tuondoke," nikajibu.

Machela moja ikaachwa pale kwenye nyasi. Watu sita kwa moja, tukapanda upesi. Mama nilimwomba arudi nyumbani akakubali, akashikwa mkono na mke wa Rajabu.

Njia ilikuwa utelezi mtupu. Palepale ndipo nilipoona alichokuwa anasema Rajabu. Kuna kona moja, mwamba upande huu na upande wa pili hakuna kitu, unasikia tu maji huko chini. Kwa watu watatu machela moja, mtu angekwenda.

Kwa Mloka tulimkuta Mzee Arthur ameamka, anakunywa uji. Mke wa Mloka akanipa taarifa: "Wamekunywa vikombe viwili. Wametaka chumvi." Safari hii nilielewa bila kupepesa macho. Kobelo alikuwa amekaa mlangoni, uso umemshuka, ananiambia jiwe liligeuka, jiwe tu.

Judith alikuwa ameshaitwa kutoka kwenye nyavu. Alifika anahema, matope mpaka nywele, akamkumbatia baba yake na kuanza kumgombeza.

Tukamfunga vizuri kwenye machela tukaanza kushuka. Wanabadilishana mabega, Rajabu anaita hatua. Mimi nilipewa kazi ya kutembea ubavuni nikimkinga mzee manyunyu kwa jani la mgomba. Judith yuko nyuma yetu kidogo, karibu kiasi cha kusikia.

Mzee alikuwa amepauka lakini akili yake timamu. Tulipovuka ile kona mbaya, akanigeuzia uso.

"Hamisi. You told Margaret?"

"Yes, sir."

Wabebaji wakabadilisha bega, akauma meno mpaka maumivu yakampita. Halafu akaniuliza, taratibu, kama mtu anayeuliza tu njia iendelee:

"When you told her it was me, what did she say?"

Wakuu, hilo ni swali la darasa la kwanza kabisa la Mwalimu Gaspari. What. Did. She. Say. Hakuna neno hata moja pale ambalo sikulijua. Na jibu nalo lilikuwa maneno matatu mepesi, hata mtoto angeyabeba.

Nikahisi macho ya Judith mgongoni.

"Sorry, sir," nikasema. "My English is small."

Akanitazama kidogo. Sijui aliona nini. Akafumba macho, na hakuniuliza tena mpaka tunafika chini.

Mguu uliungwa hospitali pale mjini, ukashika. Waliondoka nchini mzee anatembelea magongo, Mama Margaret akimbebea mfuko wake na kumrekebishia kola kila baada ya hatua mbili. Mama aliniaga vizuri. Hakuwahi kuniuliza kama siku ile nilisikia.

Mimi baadaye nikahama Morogoro kama kawaida yangu. Ukalimani niliufanya tena sehemu nyingine nyingi, na sikuwahi tena kuufanya bila woga.

Nilichojifunza ni hiki. Ukitafsiri habari ya mtu, kabla hujafungua mdomo uliza: nani, na wangapi? Hata kama aliyekuletea ana mkungu kichwani na mvua inanyesha. Usione aibu kurudi nyuma na kuuliza tena, aibu ya kuuliza inaisha pale pale sokoni. Na wale mnaowacheka watu kwa he na she, msidhani ni ujinga. Hao wametoka kwenye lugha ambayo mtu ni mtu kwanza.

Jambo la pili mtanisaidia, maana hadi leo linanisumbua: nilipomjibu mzee kwamba Kiingereza changu ni kidogo, nilimtendea haki au nilimnyima?

Na kwenu huko, mtu mzima asipokuwepo mnamtajaje? Baba amerudi, au baba wamerudi? Wenyeji wa Matombo, Mgeta, Kinole na kwingineko, nafasi ni yenu. Nipo nasoma.